Hesabu ya Nauli

Ugomvi wa nauli umezeeka sasa, lakini haujachoka. Kijana anamtumia msichana shilingi mia tano kwa M-Pesa aje kumtembelea. Msichana haji, simu inazimwa, na kufikia usiku kisa kiko mtandaoni: ameliwa fea. Pale steji ya bodaboda ya Kanyakine, si mbali na Nkubu, kisa hicho hakihitaji ufafanuzi. Mia tano ni abiria kadhaa wa kupandishwa na kuteremshwa vilima vya Imenti Kusini, ukishatoa mafuta na pesa ya mwenye pikipiki. Aliyeipoteza ana haki ya kukasirika. Zamani kidogo wenzake wangemcheka, wamwite fala, mmoja amshauri atafute msichana wa karibu asiyehitaji matatu, na baada ya siku mbili angekuwa amesahau.

Siku hizi simu ileile iliyotuma pesa inamletea na maelezo. Hajamaliza kulalamika, tayari ameshaonyeshwa klipu ya mwanamume mwenye maikrofoni na miwani ya jua anayemwambia kwamba yaliyompata hayakuwa bahati mbaya: wanawake wote ndivyo walivyo, mapenzi ni soko, na anayetoa bila kupokea ni mjinga. Kijana aliyeliwa fea na msichana mmoja anajikuta anawadai wanawake wote.

Mjadala wetu kuhusu chuki dhidi ya wanawake mtandaoni umeng'ang'ania matusi. Matusi yapo, tena machafu, lakini hayo yanajitambulisha yenyewe. Kazi kubwa zaidi inafanywa na uhasibu. Mtu anafundishwa kuingia katika uhusiano akiwa na daftari mkononi: nimetoa hiki, nimepewa hiki, nadai hiki. Akishazoea kuyasoma mapenzi hivyo, usawa wa kijinsia nao anausoma hivyohivyo, na kila haki anayopata mwanamke inaandikwa upande wa hasara ya mwanamume. Hapo ndipo ugomvi wa chumbani unapokutana na siasa za taifa, na ndiyo maana huwezi kuutibu mmoja ukauacha mwingine.

Tumeshaona mahali hesabu hiyo inapoweza kufika. Tarehe 9 Aprili 2019, Ivy Wangechi, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi, aliuawa kwa shoka mchana kweupe, nje ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kabla hajazikwa, maelfu ya Wakenya mtandaoni walikuwa wanauliza alikuwa ametumiwa pesa ngapi. Wengine walitaja kiasi, wengine wakasema angezirudisha, na kundi zima likaligeuza shoka kuwa namna ya kudai deni. Hakukuwa na mtu aliyeonyesha risiti, na hata angeionyesha isingebadili lolote. Muuaji, Naftali Kinuthia, alihukumiwa kifungo cha miaka 40 mwaka 2023. Waliomtetea kwa hoja ya pesa hawakuhukumiwa na yeyote, na Januari 2024 walirudi kazini: Starlet Wahu na Rita Waeni walipouawa katika vyumba vya kukodishwa jijini Nairobi, swali lililotangulia mtandaoni lilikuwa walikwenda humo kutafuta nini. Tarehe 27 Januari wanawake waliandamana katika miji kadhaa nchini. Miezi tisa baadaye polisi walitangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024 pekee.

Sisemi kwamba klipu ndiyo inayoshika shoka. Ila inamwandalia muuaji watu wa kumwelewa, na mtu mwenye hasira akijua ataeleweka, jambo moja kati ya yale yaliyokuwa yanamzuia limeondoka.

Mafundisho haya yametoka wapi? Sehemu yake ni ya nje. Andrew Tate, Mwingereza mwenye asili ya Marekani aliyekamatwa Romania Desemba 2022, anajulikana na wanafunzi wa sekondari ambao hawawezi kuionyesha Romania kwenye ramani. Sehemu ni ya nyumbani. Eric Amunga, anayejulikana zaidi kama Amerix, amekusanya wafuasi wengi kwa mafunzo yake ya uanaume ya kila Jumamosi, yakiwemo maonyo yake kwa wanaume wasioe wanawake wenye watoto wa wanaume wengine. Andrew Kibe, aliyekuwa mtangazaji wa redio, alihamia YouTube na kufanya dharau kwa wanawake kuwa burudani. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa. Programu hizo zinahesabu muda unaotazama. Haziulizi unatazama kwa kupenda au kwa kuchukia, na mwanamke anayeandika maoni makali chini ya klipu anaisaidia kupanda sawasawa na mwanamume anayeipongeza.

Wanaotaka kulijibu jambo hili kwa kejeli wangefanya vyema kumsikiliza Amerix kwa wiki moja. Watamsikia akiwaambia wanaume wapunguze tumbo, waache pombe, waamke mapema, waache kukopa ili kujionyesha. Huo ni ushauri ambao kijana wa Kanyakine hajapewa na serikali, wala kanisa, wala baba aliyekwisha kulewa saa nne asubuhi. Anaingia kwa sababu ya ushauri huo, kisha anapewa na mengine.

Hayo mengine yana kasoro moja ambayo sijui kwa nini haizungumzwi: yametungwa kwa ajili ya maisha ya watu wengine. Kilio kikuu cha wanaume wa Marekani na Uingereza katika ulimwengu huo ni kwamba mke akiondoka mahakama inampa nusu ya nyumba. Kilio hicho kimefika Meru kikiwa kizima, bila kupunguzwa. Lakini hapa hatimiliki iko kwa jina la nani? Shirika la Kenya Land Alliance lilipochambua mwaka 2018 sehemu ya hatimiliki zilizotolewa nchini kati ya 2013 na 2017, lilikuta wanawake walipewa asilimia 10.3 ya hati hizo, na kwa ukubwa wa ardhi yenyewe asilimia 1.62. Mwanamume anayeogopa kunyang'anywa nusu ya shamba na mke ambaye jina lake halimo kwenye karatasi hata moja anaogopa jini la nchi nyingine.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Ogentoto, kwamba Kifungu cha 45(3) cha Katiba hakimaanishi mali ya ndoa igawanywe nusu kwa nusu moja kwa moja; kila upande uonyeshe mchango wake. Mtandaoni uamuzi ule ulisherehekewa kama bao la wanaume. Waliosherehekea hawakusoma mbele. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kuwa mchango kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shambani. Kwa mwanamke wa Imenti Kusini anayepalilia kahawa, kuichuma, kuichambua na kuibeba hadi fakitori, huo ni mlango uliobaki wazi.

Kahawa ndiyo iliyowaleta kwangu mume na mke mmoja wa upande huo, katika kazi yangu ya kusuluhisha ndoa. Namba ya uanachama wa ushirika ilikuwa ya mume, malipo yaliingia kwenye akaunti yake, na mke alikuwa amenuna tangu malipo ya mwisho.

"Baba Mwenda, mimi sitaki pesa zako," mke alisema. "Nataka kuiona karatasi tu."

Mume alinigeukia mimi badala ya mkewe. "Mwalimu, mwanamke akishajua mfuko wako una nini, umekwisha."

Nilimuuliza ameyatoa wapi maneno hayo. Mke akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Ni yule wa simu. Anamsikiliza hata akikamua ng'ombe."

Mume alijitetea kwamba huo ni utamaduni wetu, mwanamume wa Kimeru hakaguliwi. Basi nikamuuliza baba yake alikuwa akifanyaje na pesa za kahawa. Alikaa kidogo, kisha akasema kwamba mzee alikuwa akirudi kutoka fakitori anazimwaga zote kitandani mama azihesabu, maana yeye mzee alikuwa hajui kusoma na mama alikuwa amefika darasa la nne. Nilitaka kucheka lakini kazi hairuhusu.

Jambo hilo naliona tena na tena. Kinachoitwa utamaduni katika klipu mara nyingi ni nadharia ya Chicago au London iliyovishwa shuka. Mahari ya Kimeru, pamoja na mtamba wake, fahali wake, kondoo wake na asali yake, ilikuwa inaunganisha koo mbili ambazo zingeendelea kutembeleana na kudaiana maisha yote. Haikuwa risiti ya kumnunua mtu asiulize maswali. Wanaume wanaosema "nimelipa mahari" ili kunyamazisha mke wanatumia lugha ya duka.

Hata hivyo sitaki kuupaka utamaduni rangi usiyokuwa nayo. Dharau kwa wanawake haikuja Meru na intaneti. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na makumi walibakwa. Kilichoishangaza dunia baada ya hapo kilikuwa maelezo ya baadhi ya wakubwa wa shule, yaliyochukulia ubakaji kama utukutu wa kawaida uliozidi kipimo. Hakukuwa na simu ya mkononi hata moja bwenini. Na Februari 2005, Kiraitu Murungi, Waziri wa Haki na wakati huo mbunge wa Imenti Kusini, yaani mbunge wa Kanyakine yenyewe, alitaka kuelezea uhusiano wa serikali na wafadhili katika vita dhidi ya ufisadi akatumia mfano wa kumbaka mwanamke ambaye amekubali. Wanawake walikuja juu, akaomba radhi.

Kuomba radhi kule ndiko kunakonipa la kusema kuhusu leo. Waziri alikuwa na mahali pa kuulizwa: alikuwa na wapiga kura, chama, kanisa, wake wa rafiki zake, mama zake wa kijijini. Mwenye klipu hana hao. Akikosea na watu wakamshambulia, watazamaji wanaongezeka na zawadi za laivu zinaongezeka. Radhi ingemtia hasara.

Vivyo hivyo na ugomvi wa ndoa. Ulipokuwa unapelekwa kwa wazee, shangazi au washenga, ulikuwa unahukumiwa na watu ambao wangekutana na wahusika sokoni Ijumaa na mazishini mwezi ujao. Wengi wao walihukumu vibaya, na ninawajua wanawake waliorudishwa kwa mume mara nne wakiwa na mikono iliyovunjika kwa sababu wazee walitaka amani. Lakini walikuwa na cha kupoteza wakiharibu. Mahakama ya sasa ni ya wageni. Mume anaandika upande wake saa sita usiku bila kumtaja mke, na watu mia nne kutoka Kitengela, Doha na Dallas wanamwambia aachane naye kabla hajaliwa zaidi. Mke naye ana kikundi chake cha WhatsApp ambako anaambiwa wanaume wote ni takataka na atunze akiba ya kuondokea. Asubuhi wanakunywa chai pamoja, kila mmoja ana hukumu yake mfukoni, na hakuna aliyezungumza na mwenzake.

Mizani hapa haiko sawa, na ni uongo kujifanya iko sawa. Chuki ya wanawake dhidi ya wanaume mtandaoni inaumiza, inavunja nyumba na inawafundisha wasichana ukatili wa maneno. Ya wanaume dhidi ya wanawake inafanya hayo yote, halafu wakati mwingine inakwenda mochari.

Malalamiko ya wanaume yenyewe ni ya kweli, na wanaotetea usawa wamechelewa kuyasikiliza. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, likagawanywa tena, mpaka mjukuu amebaki na mistari michache ya migomba na hati ambayo haijatoka kwa jina la marehemu. Bila shamba haoi, bila kuoa bado anaitwa kijana akiwa na miaka 38. Dada yake amesomeshwa, wakati mwingine kwa ufadhili uliowekwa kwa ajili ya wasichana, na yeye anasikia neno "uwezeshaji" kila anapofungua redio bila kusikia jina lake. Uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili tangu wafike umri wa miaka 15. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 27. Takwimu hiyo ya pili hainukuliwi mara nyingi na watu wa upande wangu, na ukimya huo umewaachia wengine uwanja. Mwaka 2012, visa vya wanaume waliopigwa na wake zao huko Nyeri vilipojaa magazetini, Nderitu Njoka wa shirika la Maendeleo ya Wanaume aliwataka wanaume wasusie chakula cha wake zao. Nchi ilicheka. Ingekuwa afadhali mtu amuulize kwa nini wanaume wengi hivyo walikuwa tayari kumsikiliza.

Lakini angalia wauza uanaume wanachofanya na malalamiko hayo. Bei ya mbuni haijadiliwi. Kesi za urithi zinazolala mahakamani Nkubu na Meru kwa miaka hazitajwi. Pombe inatajwa kama udhaifu wa mtu mmoja mmoja, si kama biashara yenye wenyewe. Mwanamume mwenye matatizo matano anaondoka na adui mmoja, na adui huyo amelala kitanda kimoja naye.

Siasa za Meru zimetuonyesha jinsi hesabu hii inavyovuruga hata mjadala halali. Agosti 2022 kaunti ilimchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru, kuwa gavana, akiwashinda Kiraitu Murungi na Mithika Linturi. Wenzao wa Embu walimchagua Cecily Mbarire, na nchi nzima ikapata magavana wanawake saba. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumng'oa Mwangaza mara tatu, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili za kwanza na kumwondoa mara ya tatu. Machi 2025 Mahakama Kuu iliukubali uamuzi huo na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Kulikuwa na maswali ya haki dhidi yake: matumizi ya ofisi, nafasi ya mumewe katika shughuli za kaunti, namna alivyoelewana na wawakilishi wadi. Mkazi wa Kanyakine aliyetaka majibu alistahili kuyapata. Mtandaoni maswali hayo yalizama katika umbo lake, ndoa yake, sauti yake, na kichekesho cha mume "aliyekaliwa". Aliyemkosoa kwa hoja alijikuta amesimama upande mmoja na watukanaji. Aliyewapinga watukanaji alionekana anatetea uongozi mbovu. Mwangaza mwenyewe aliweza kuyajibu mengi kwa kusema anaonewa kwa kuwa mwanamke, na kwa kuwa ilikuwa kweli kwa sehemu, sehemu isiyokuwa kweli ilipata mahali pa kujificha. Sidhani kuna upande uliofaidika, isipokuwa wenye kurasa za watazamaji.

Sheria ipo, nayo ina mizani ya ajabu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 ilipotungwa iliweka adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au miaka kumi jela kwa unyanyasaji wa mtandaoni, lakini kusambaza picha za faragha za mtu kukapewa kikomo cha shilingi 200,000 au miaka miwili. Kwa msichana ambaye picha zake zimezungushwa na mpenzi aliyeachwa, kosa hilo la pili ndilo linaloharibu maisha, na ndilo la bei nafuu. Jaji James Makau ndiye aliyeihalalisha sheria hiyo Februari 2020. Ni yeye pia ambaye Mei 2013, akiwa Mahakama Kuu ya Meru, aliamua katika kesi ya watoto waliopelekwa kortini kwa msaada wa shirika la Ripples International kwamba polisi walivunja katiba kwa kutochunguza malalamiko yao ya kunajisiwa. Uamuzi ule wa Meru unafaa kukumbukwa na kila anayesema tutunge sheria nyingine. Sheria ya kunajisi ilikuwepo tangu 2006. Kilichokosekana kilikuwa askari wa kuandika ripoti bila kumuuliza mtoto alikuwa amevaa nini.

Uchaguzi ujao ni 2027. Mwanamke yeyote atakayesimama kugombea ugavana Meru ataulizwa kuhusu Kawira Mwangaza katika kila mkutano, Kanyakine ikiwemo, na ataambiwa kwamba wanawake walipewa nafasi wakaichezea. Kaunti imewahi kuongozwa na Peter Munya na Kiraitu Murungi pia, na wote wawili wapiga kura waliwatoa baada ya muhula mmoja. Mgombea mwanamume hataulizwa kuhusu hao kama deni la jinsia yake. Atasema anachokusudia kufanya kuhusu kahawa na barabara, na watu watamsikiliza.